Furaha ya dereva wa bodaboda inapimwaje?

SWALI: Nasoma saikolojia mwaka wa tatu, Morogoro, na utafiti wangu unahusu furaha ya madereva wa bodaboda. Dodoso langu linaanza na kipato cha siku, linafuata deni la pikipiki, halafu linauliza: "Je, una furaha? Ndiyo/Hapana." Msimamizi amelirudisha. Nafikiria pia kuwatumia ujumbe wa simu mara kadhaa kwa siku. Nirekebishe wapi? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Anza na mpangilio. Ukimkumbusha mtu deni lake kisha papo hapo ukamuuliza kama ana furaha, atakujibu akiwa bado anawaza deni. Fritz Strack na wenzake walilionyesha hili mwaka 1988 kwa wanafunzi wa chuo Marekani. Swali la furaha lilipotangulia, majibu yake hayakuendana na idadi ya mitoko ya kimapenzi (uhusiano −0.12, ambapo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili). Lilipofuata swali la mitoko, uhusiano ulipanda hadi 0.66. Kwa hiyo furaha itangulie, kipato na deni vije mwisho.

Ndiyo/Hapana iondoe kabisa. Karibu kila mtu atasema "tunamshukuru Mungu", nawe utabaki na safu ya ndiyo tupu isiyochambulika. Tumia kipimo cha kuridhika na maisha cha Ed Diener na wenzake (1985): sentensi 5, kila moja alama 1 hadi 7, jumla 5 hadi 35, katikati ni 20. Kijaribu kwanza kwa madereva 10 hivi, kila mmoja akueleze kwa maneno yake alivyoielewa kila sentensi. Na usimhoji kijiweni wenzake wakisikiliza. Hapo alama hupanda bure.

Kipimo hicho kinakupa anavyoyaona maisha yake kwa ujumla. Anavyojisikia saa nane mchana juani ni jambo jingine, na ndilo ulilolilenga kwa ujumbe wa simu. Njia hiyo ni nzuri, ila si kwa dereva: akijibu barabarani unahatarisha maisha yake, akijibu akiwa ameegesha tu utakuwa umepima furaha ya kijiweni peke yake.

Badala yake mjengee upya siku ya jana, kama Daniel Kahneman na wenzake walivyofanya kwa wanawake 909 wenye ajira huko Texas (2004). Aigawe jana vipande vipande: kusubiri abiria, safari, chakula, nyumbani. Kila kipande andika kilianza na kuisha saa ngapi, alikuwa wapi na nani, kisha apime furaha, wasiwasi, hasira na uchovu, kila kimoja 0 hadi 6.

Wengi huharibu kwenye hesabu. Tuseme saa 3 za kusubiri abiria kazipa furaha 2, saa 1 ya chakula kaipa 5. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 3.5, na hiyo si sahihi, kwa sababu vipande havilingani muda. Fanya hivi: (3×2 + 1×5) ÷ 4 = 2.75. Mahojiano yatawanye siku zote saba, maana anayehojiwa Jumatatu anasimulia Jumapili.

Ukikuta wenye kipato kikubwa wana alama za juu, usiandike kwamba pesa ndiyo iliyoleta furaha. Huenda dereva mchangamfu ndiye anayepata wateja wengi. Kujua kipi kilitangulia kunahitaji kurudi kwa watu walewale baada ya miezi kadhaa, hivyo chukua namba zao mapema, kwa ridhaa yao, na uzitunze mbali na majibu.