Mwenye Kifafa na Dawa ya Sonona: Uliza Jina Lake Kwanza

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia. Ana miaka 24, anaanguka kifafa tangu darasa la nne, na wiki iliyopita daktari amemwandikia dawa ya sonona. Muuzaji wa duka la dawa aliposikia ana kifafa akamwambia, "Hii itakuangusha mpaka ufe." Vidonge viko kwenye pochi hadi leo. Ananiuliza, "Dada, ninywe au nisinywe?"

Nililia niliposoma. Maneno kama hayo niliyabeba mwaka mzima na najua yalivyonigharimu.

Mimi nilianza kuanguka nikiwa na miaka 13. Shuleni wenzangu walikuwa wanakimbia povu, wakiamini linaambukiza. Hilo nililizoea. La miaka 29 sijalizoea: mahari imeshapangwa, upande wa mwenzangu ukasikia habari za kifafa, kikao kimoja tu, ikawa basi. Wanajua walichokisema mbele ya mama yangu, sitakirudia hapa.

Baada ya hapo nikazimika. Kibanda changu cha kushona nilichokuwa nafungua saa mbili nikawa nafungua saa tano, siku nyingine sifungui kabisa. Sare za watoto wa watu zikalala na shule zimeshafunguliwa. Chakula hakina ladha, usiku macho makavu, asubuhi mwili mzito kama gunia lililolowa. Dawa ya kifafa nayo nikaanza kuiruka, maana mtu asiyeona sababu ya kuamka haoni sababu ya kumeza kidonge. Nikawa naanguka mara mbili, mara tatu kwa mwezi, wakati kabla ya hapo ilikuwa mara moja kwa miezi kadhaa.

Binamu yangu anaishi Houston, Marekani. Kwa mapenzi kabisa akampa msafiri chupa ya vidonge vyake vya sonona vilivyobaki, akaniambia vilimtoa kwenye shimo. Sikumwambia daktari. Nikameza. Usingizi kidogo niliokuwa nao ukaisha wote, na siku ya tisa nikaanguka nikiwa nimeshika pasi ya moto. Kovu mnaloniuliza kwenye picha, la mkono wa kushoto, ndilo hilo.

Nyumbani wakasema umeona? Jirani akasema umeona? Nikaapa sitagusa tena dawa yoyote ya sonona. Miezi iliyofuata sina la kusimulia, nilikuwa nimelala tu.

Aliyenitoa ni daktari mmoja wa kliniki. Aliniambia tarehe ijayo nije na kila kitu ninachomeza, hata mitishamba. Chupa ilikuwa bado chini ya kitanda. Akaisoma, akakaa kimya kidogo, akasema: "Hii ni bupropioni. Wewe hupaswi kuigusa."

Nilichojifunza siku ile ndicho nataka wenzangu wote wa kifafa wakijue. Bupropioni iliidhinishwa Marekani mwaka 1985, ikasimamishwa 1986 kwa sababu ya mitukutiko, yaani kuanguka kama kwetu, ikarudi 1989 dozi yake ya juu kabisa ikiwa imepunguzwa. Mtu mwenye kifafa haruhusiwi kuitumia, na wenye kifafa wanaoacha sigara nao waangalie, kwa sababu wanaoacha sigara hupewa dawa hiyohiyo. Daktari hakuapa kwamba ndiyo peke yake iliyoniangusha, kwani nilikuwa silali na naruka kabamazepini, dawa yangu ya kifafa. Lakini ilikuja kumalizia.

Akaniambia klomipramini nayo ni ya kuogopwa. Amitriptilini, ambayo wengi wetu huandikiwa hata kwa maumivu ya mishipa au kipandauso, iko kwenye kundi la zamani linalotaka tahadhari kubwa, hasa dozi ikipanda. Kisha kuna kundi la fluoksetini, setralini na sitalopramu. Hizi, kwa dozi ya daktari, mara nyingi huchukuliwa kuwa salama kwa wenye kifafa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha uchambuzi wa majaribio ya dawa za magonjwa ya akili, za sonona zikiwemo, yaliyopelekwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani. Ukiacha bupropioni na klomipramini, waliomeza dawa za sonona walipata mitukutiko karibu nusu ya ile ya waliomeza vidonge vitupu visivyo na dawa. Hao walikuwa wagonjwa wa sonona, si wa kifafa, ila mimi jambo hilo lilinifungua macho: sonona yenyewe inautikisa ubongo. Hippocrates aliona zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba magonjwa haya mawili hufuatana, na leo karibu mmoja kati ya wanne wetu ana sonona. Sisi bado tunaambiwa tuombe na tujikaze.

Nilianzishiwa setralini miligramu 25. Ikapandishwa polepole, kwa sababu kabamazepini hulifanya ini liivunje haraka. Fluoksetini ingefanya kinyume, ingeipandisha kabamazepini kwenye damu. Nikapimwa na chumvi ya damu, kwani dawa zangu zote mbili zinaweza kuishusha, na chumvi ikishuka sana hiyo nayo inaangusha. Hakuna muuzaji wa dukani atakayekueleza haya akiwa amekupa mgongo.

Wiki mbili za kwanza sikuona kitu zaidi ya kichefuchefu. Wiki ya tano nilijikuta nafagia kibanda bila kuambiwa. Leo nina miezi 19 sijaanguka. Nalala, nameza dawa kwa saa, na msimu huu nimeshona sare 140 kwa mikono hii.

Mdogo wangu, usinywe na usitupe kabla hujasoma jina kwenye pakiti. Ukishalisoma, rudi kwa aliyekuandikia, umuulize kama alijua una kifafa na kama anajua unatumia dawa gani nyingine. Muulize bila aibu. Dawa yako ya kifafa usiiache hata siku moja kwa ajili ya hii mpya. Weka daftari, andika kila ukianguka, andika na saa ulizolala, kwa sababu kumbukumbu zetu sisi hazitoshi na daftari ndilo lililonisaidia mimi kumwonyesha daktari. Na mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwamba umeanza, kwa sababu wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Yakija, usiku huohuo aamshwe mtu, mwende hospitali.

Nanyi mnaouza dawa: mkimwona mgonjwa ameshika cheti, mpigieni simu aliyeandika. Dakika tatu. Nanyi wazazi, wachungaji na mashehe, mtoto akisema moyo umekufa msimwambie kifafa kimempanda kichwani. Mimi niliambiwa hivyo, na mwaka wangu mmoja haurudi.

Nitumie jina lililoandikwa kwenye pakiti, herufi kwa herufi. Kama ni bupropioni, asubuhi uwe wa kwanza kwenye foleni ya kliniki na pakiti mkononi. Kama ni setralini, nenda pia, lakini lala kwanza usingizi wako.