Jibu: Mwanga unarukaruka kwenye filamu ya wanyama wa Lego

Habari ndugu. Umesema kwenye filamu yako, ile ya kusogeza mnyama kidogo na kupiga picha moja moja kisha kuziunganisha ziwe video, tembo na twiga wako wa Lego (matofali ya plastiki ya kuchezea) wanatembea vizuri, lakini ukicheza video mwanga unarukaruka, mara mkali mara hafifu, ingawa hukugusa taa.

Anza na simu. Kamera ikiachwa ijipangie yenyewe, hupima mwanga upya kila picha, na mkono wako ukipita karibu tu inabadilika. Bonyeza skrini na ushikilie mpaka mwangaza na fokasi vijifunge. Rangi nayo ifunge kama programu inaruhusu. Hukutaja aina ya simu, kwa hiyo siwezi kukuelekeza kitufe kilipo.

Kisha dirisha. Hapa Jinja wingu likipita, chumba kizima hubadilika. Nilipoteza picha 200 za mamba wangu hivyohivyo, na iliniuma sana. Sasa naziba dirisha kwa blanketi na kupiga usiku. Natumia taa ya kuchaji iliyojaa, maana umeme ukishuka nguvu balbu ya ukutani hufifia. Na uvae nguo nyeusi! Plastiki ya Lego inang'aa, shati jeupe huonekana mgongoni mwa tembo.

Kwa picha 12 kwa sekunde, sekunde 10 ni picha 120. Usirudie zote sasa. Piga 24, uzitazame kwanza. Twiga akitikisika, bandika kibao anachosimamia mezani kwa selotepu.

Tuwekee hapa hizo sekunde mbili tuzione.