Nunua wepesi, usinunue nguvu: gari la spoti baada ya miaka 60

Nilistaafu uuguzi nikiwa na miaka 60, na mwaka uliofuata nikanunua Mazda Roadster nyekundu ya viti viwili. Tangu siku hiyo, wanawake wenzangu wa chama hapa Nakuru wananiuliza maswali, na wawili wamenipigia simu usiku, kwa sauti ya chini, kwa kuwa nao wanalitaka. Haya ndiyo ninayowaambia.

Hamu yangu ni ya zamani. Nilipokuwa msichana, Pasaka ilikuwa Safari, yale mashindano ya magari. Baba, aliyefanya kazi ya reli, alituamsha alfajiri tukasimame kando ya barabara ya vumbi na chupa ya chai. Nililolipenda ni Datsun 240Z, gari lile la boneti ndefu lililoshinda Safari mwaka 1971, likashinda tena 1973 mikononi mwa dereva Shekhar Mehta. Lilipita kwa sekunde chache tu, kisha vumbi. Baadaye yakaja ya karo, ya kujenga, ya kuuguza wazazi, na gari la viti viwili halikuwa na nafasi.

Kwa hiyo pesa kwanza. Nilingoja kitinda mimba amalize chuo, kisha nikaweka akiba katika sacco kwa miaka sita. Kiinua mgongo sikukigusa. Kama itabidi uuze ploti ndipo ulinunue, ngoja kwanza. Ukiagiza kutoka Japani, kumbuka Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na ushuru wa bidhaa hutegemea ukubwa wa injini: la petroli lisilozidi sisi (cc) 1500 hulipa asilimia 20, likivuka hapo ni 25 au zaidi, achilia mbali kodi nyingine zinazolirundikia. Injini ya Roadster ya kawaida ya paa la kitambaa inayouzwa Japani ni sisi 1496. Hizo nne zilizobaki ziliniokolea pesa nyingi.

Lakini sababu kubwa ya kulichagua ni uzito. Vijana walinishauri ninunue Subaru ya turbo, au gari la Kijerumani lenye nguvu za farasi 300. Nawaheshimu, ila farasi 300 utawafungulia wapi hapa kwetu? Mjini mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na barabara ya kwenda Eldoret ina trela kutoka alfajiri hadi usiku. Gari lenye nguvu nyingi huanza kukupa raha pale sheria na akili zinapokukataza. Roadster lina uzito wa takriban kilo 1000, karibu sawa na Toyota Vitz. Ukikata kona kwa kilomita 60 kwa saa unalisikia mwili mzima: usukani unakuambia mchanga uko wapi, na unabadilisha gia kwa kifundo cha mkono tu. Nunua wepesi, usinunue nguvu. Mwinuko nao usisahau. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda, na Nakuru tuko kwenye 1850 hivi. Mimi sikuhisi kupungukiwa.

Sasa magoti. Hili wauzaji hawalitaji. Gari hili liko chini sana, na ukiingia kwa kutanguliza mguu, kiuno kitakukumbusha jioni. Geuka, lipe kiti mgongo, keti kwanza, kisha ingiza miguu yote miwili pamoja kama mama mjamzito anavyopanda kitanda cha kliniki. Nimewafundisha wagonjwa hivyo miaka thelathini. Kutoka ni kinyume chake, mkono mmoja ukishika fremu ya mlango. Kabla ya kulipa, keti ndani dakika ishirini, toka, ingia tena mara tano. Usione haya mbele ya muuzaji. Kama nyonga inauma siku hiyo, mwakani itauma zaidi. Macho pia pimwa. Mimi usiku siendeshi, kwa sababu taa za lori hujaa kwenye kioo chote.

Na trela zenyewe: usikae ubavuni mwake hata sekunde moja. Dereva aliye juu kule hakuoni. Nyuma yake kaa mbali, na ukipata nafasi halali ya kupita, pita umalize.

Fundi wangu wa kwanza alitaka kunimiminia oili nzito ya 20W-50, ile anayowekea kila gari. Kitabu cha gari kinasema 0W-20, iliyo nyepesi. Nilisimama pale hadi akalifunga lile debe. Injini ni ya ukoo mmoja na ya Mazda Axela ya sisi 1500, kwa hiyo plagi na filta haziumizi kichwa, lakini vitu vya bodi huagizwa: nilingoja kioo cha pembeni wiki tano. Tairi ya akiba hakuna, wanakupa pampu na gundi tu, na shimo la kweli huchana tairi ambayo gundi haiwezi kuziba. Weka akiba ya tairi mbili nyumbani, na namba ya mtu wa kukuletea. Matuta yapande kwa mshazari, polepole.

Jumamosi moja nilitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na dada yangu, mwenye miaka 66. Paa tulilikunja kwa mkono mmoja, bila kushuka. Hadi Mogotio tulikuwa na shali shingoni. Tulipovuka ikweta na kuendelea kuteremka, hewa ikawa ya joto, tukasikia harufu ya migunga na moshi wa makaa, vitu ambavyo ndani ya gari la kufunga nilipitishwa bila kuvijua. Marigat tukanunua asali. Kisha mlima wa kwenda Kabarnet, kona juu ya kona: gia ya tatu, ya pili, ya tatu tena, na mlio wa injini ukigonga ukuta wa mwamba na kuturudia masikioni. Dada, ambaye tangu afiwe na mumewe husema machache, alianza kuimba wimbo wa shule ya msingi.

Kabarnet tulikunywa chai. Tulipoinuka akaninyoshea mkono: "Leta ufunguo." Kwenye bima nilikuwa nimeshamwandikisha kuwa dereva wa pili, bila kumwambia. Aligeuka, akalipa kiti mgongo, akaketi kwanza, akaingiza miguu pamoja. Buti ndogo ilikuwa imejaa ndizi, kwa hiyo asali niliipakata mapajani hadi Marigat, naye akiteremka kwa gia ya tatu.