Kabla hujafungua karakana ya kaiti Paje

Kila msimu hunijia kijana mmoja au wawili. Wengi wameshafundisha wageni kaiti, yaani kuteleza majini juu ya ubao huku tiara kubwa ikikuvuta kwa upepo, kwenye pwani ya Paje na Jambiani hapa Zanzibar, sasa wanataka karakana yao ya matengenezo kama yangu. Na kila mmoja huja na mchoro wa ubao wenye jina lake. Mchoro mzuri, rangi za bendera, mnazi kidogo pembeni. Nauweka kando, namuuliza: mdogo wangu, tyubu unajua kuziba?

Mgeni anayeshuka hapa kwa siku saba hakuja kununua ubao. Kaja na wake, au anakodi kwenye skuli ya kaiti. Kinachomleta kwako ni kaiti iliyochanikia kwenye mwamba asubuhi, maji yamekupwa, na kusi ndiyo kwanza inashika. Ukimrudishia kabla ya upepo wa kesho, habishani sana na bei. Ukimwambia njoo kesho, na kesho ukamwambia kesho tena, umemlia safari yake, na jioni hiyo hiyo pwani nzima inajua. Kwa hiyo mimi nina bei mbili. Anayeweza kungoja analipa kidogo. Anayetaka leo leo analipa zaidi, na mimi nalala saa saba usiku.

Anza na tyubu, yaani ule mpira wa ndani wa mbavu ya mbele. Ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili kaiti ya kujazwa hewa mwaka 1984, na walichokuwa wakitafuta ni kaiti ikianguka majini iweze kunyanyuka tena. Basi ukiziba ovyo, mtu anaangukia nje ya mwamba, mbavu imelegea, kaiti haipandi, na maji yanamchukua. Usiharakishe hapo hata kama mwenyewe kasimama mlangoni. Kabla ya kuitoa tyubu, funga uzi mrefu kila ncha, ubaki ndani ya mbavu; huo ndio utakaoirudisha. Usipoufunga, utashinda siku nzima unasukuma mpira kwenye soksi ya mita kadhaa. Jaza hewa, paka maji ya sabuni, tazama vipovu. Weka alama kwa kalamu kabla sabuni haijakauka. Ukishaziba, iache na hewa usiku kucha. Ikiamka ngumu, ipake poda ya mtoto isije ikajikunja au kugandana, ndipo uirudishe. Na mara nyingi utakuta tundu lenyewe liko kwenye shina la vali, si kwenye mpira, kwa sababu jua la huku linailegeza gundi.

Kitambaa kinataka cherehani ya zigizaga na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba wa kushonea magauni hauhimili chumvi na jua. Fundi nguo mzuri utamfundisha kazi hii kwa wiki chache. Kijana anayejua kaiti lakini hajawahi kukalia cherehani atakuchukua mwaka. Usimdharau mama wa cherehani jirani yako.

Sasa mbao, na hapa nakueleza kwa sababu nililipa. Mwaka wangu wa kwanza mgeni aliniletea ubao wa mawimbi wenye ufa mdogo. Nilikuwa na resini ya boti, ile ya poliesta, maji mazito yanayoganda yakawa magumu, nikaimimina. Nilipogeuka kuchukua kitambaa cha faiba nikasikia harufu, nikatazama: povu la ndani linayeyuka, ufa umekuwa shimo la kuingiza ngumi. Ubao ule ndani ulikuwa na povu jeupe la vipunje, kama la maboksi ya samaki, na resini ya poliesta inalila povu hilo. Lenyewe linataka epoksi, resini ya aina nyingine. Nilimnunulia ubao mwingine, na mwezi ule sikula nyama. Leo kabla ya kugusa ubao nauliza ni wa povu gani, na mwenyewe akiwa hajui, natumia epoksi, maana epoksi inakaa juu ya povu hilo na juu ya lile jingine lisiloliwa na poliesta.

Lakini epoksi nayo ina adabu yake. Mafundi waliotoka kwenye boti wamezoea kuzidisha hadina, yaani dawa ya kugandisha resini, kidogo ili ikauke upesi. Kwa poliesta inavumilika. Kwa epoksi utabaki na kitu kinachonata milele. Pima kwa mizani, kama kopo lilivyoandikwa. Changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana. Ukijaza kopo refu kwenye joto letu hili, inachemka yenyewe na kutoa moshi. Barakoa wakati wa msasa ni lazima, na vumbi lile usilipeperushie baharini, kina mama wana mwani wao pale.

Ubao ulioingia maji usiuzibe siku hiyo, hata akulipe mara mbili. Usuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, usimamishe kivulini, ufa ukitazama chini, mpaka ukauke. Ndiyo maana nina mbao mbili kuukuu za kuazimisha. Mgeni anaendelea na upepo wake, nami sisukumwi.

Piga picha kila kifaa mbele ya mwenyewe kabla ya kukipokea. Sisemi zaidi. Na usajili wa biashara kwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, na kodi ya ZRA, mamlaka ya mapato, maliza mapema, yasikukute katikati ya msimu.

Vifaa usitegemee mlango mmoja. Marekani, Desemba 2005, kiwanda cha Clark Foam kilichokuwa kikiwauzia povu mafundi wengi wa mbao za mawimbi kilifunga ghafla, wakabaki wanatazamana. Sisi huku meli ikichelewa tu ni yaleyale. Resini tafuta kwenye maduka ya boti mjini, utepe wa kitambaa na vali waombe wageni wanaorudi kila mwaka wakutilie kwenye begi.

Kaskazi inapoishia, mwezi wa Machi, wageni wengi huuza kaiti zao wasilipie mizigo ya ndege. Hapo ndipo pa kununua. Ifinye kitambaa sikioni: kizima hulia kama karatasi, kilichochoka na jua kinalala mkononi kama kanga ya zamani. Hicho kiache, hata kwa bei ya chai. Au kinunue ukishonee mabegi, yanauzika.

Kisha masika inaingia, karakana inabaki wewe na paka. Mchoro wako utunze. Njoo nao mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, tukae na mzee mmoja wa ngalawa tumuulize anaonaje pua ya ubao wako.