Maswali ya Fizikia: Ufito, Bawaba na Kiganja cha Mkono

*Shikamoo mwalimu. Ufito wa kilo 3, urefu mita 1.2, umefungwa bawaba ncha moja. Donge la udongo la kilo 0.5 likaja kwa mita 6 kwa sekunde, likagonga ncha ya pili na kuganda. Nimetumia uhifadhi wa momenta, nikakosa. Kwa nini?* (Kidato cha sita, Mbeya)

Marahaba. Momenta ya mstari (masi mara kasi) haihifadhiki hapo, maana bawaba nayo inasukuma. Tumia momenta ya mzunguko (momenta mara umbali kutoka kwenye bawaba) kuizunguka bawaba: msukumo wake unapita palepale, hauzungushi chochote. Donge lilileta 0.5 × 6 × 1.2 = 3.6. Inesha, yaani ukaidi wa kitu kuzungushwa, kwa ufito ni ML²/3 (M ni masi, L ni urefu), yaani 1.44, ya donge 0.72, jumla 2.16. Gawanya 3.6 kwa 2.16, unapata radiani 1.67 kwa sekunde.

Sasa tazama jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha. Momenta ya mstari kabla ilikuwa 3. Baada ya kugongana ni 4. Imeongezeka! Hiyo 1 imetoka kwenye bawaba. Rudia hesabu donge likigonga mita 0.8 kutoka kwenye bawaba: 3 kabla, 3 baada, maana hapo bawaba haisukumi chochote.

*Na nishati je?* (Huyohuyo)

Jouli 9 zimebaki 3. Vitu vikigandana, usihifadhi nishati ya mwendo.

*Nikipura maharage fimbo inanitetemesha kiganja mpaka kinauma. Jirani yangu hapati shida hiyo.* (Mama, Tukuyu)

Pole mama. Kiganja chako ndicho bawaba, na ile mita 0.8 ya mwanafunzi ni theluthi mbili ya ufito. Fimbo ikitua kwa ncha, upande ulioshika hukandamizwa chini. Ikitua karibu na mkono, hurushwa juu. Ikitua theluthi mbili kutoka mkononi, kiganja kinatulia. Kwa fimbo ya mita 1.5, weka alama ya mkaa kwenye mita 1, upige hapo. Ikiwa nene upande wa mbali, sogeza alama mbele kidogo.

*Ufito usiofungwa popote?* (Mwanafunzi, Iringa)

Hapo zote mbili zinahifadhiwa, ya mstari na ya mzunguko, na inesha kwenye kitovu, yaani katikati ya ufito, ni ML²/12. Laza rula juu ya meza laini, igonge ncha moja kwa kidole. Ncha ya pili inarudi nyuma! Tia nukta ya kalamu theluthi moja kutoka ncha hiyo ya pili: mara tu unapogonga, nukta hiyo haiendi mbele wala nyuma.