Valvu wati 8 au transista wati 200?
Ndugu, unauliza ununue amplifaya ya valvu (mirija ya kioo ya mtindo wa zamani) ya wati 8 au ya transista ya wati 200. Unasema spika zako ni za desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na unapenda mwimbaji na gitaa kavu, si besi ya kutikisa madirisha. Kwa ladha hiyo, amplifaya ya valvu ingekufaa: sauti za katikati hujaa, hata pumzi ya mwimbaji kabla ya neno unaisikia. Tatizo ni spika. Desibeli hizo 86 ni kwa wati 1, ukiwa mita 1. Kila nguvu ikiongezeka maradufu unapata 3 tu zaidi. Wati 8 zitakufikisha 95, na ukikaa mbali zinapungua. Kwa kusikiliza taratibu zinatosha, ila okestra ikipanda ghafla sauti itaanza kukwaruza. Cheki na omu pia, yaani kiasi ambacho spika inazuia umeme, maana spika ya omu 8 inayoshuka hadi 3 kwenye besi huitesa valvu.

Mimi ningetafuta transista ya daraja A, yaani ile ambayo transista zake hupitisha umeme muda wote, wati 25 au 30. Inachemka kwelikweli na inakula umeme hata muziki ukiwa kimya, lakini ina ulaini unaoutaka. Hizo wati 200 achana nazo, hutazitumia. Ila usilipe kabla hujaiazima ukaisikiliza kwako, kwa spika zako, na nyimbo unazozijua vizuri.