Usinunue launji, nunua kiti: hesabu kwanza viti vya mstari mmoja

Usilipe bado. Umeandika kwamba safari yako katika daraja la biashara ni ya saa 13 angani, kwamba umebakiwa na mashirika mawili ya kuchagua, ukaniomba nilinganishe launji zao, yaani kumbi za kusubiria ndege, na kwamba moyo wako umeelekea kwenye lile lenye launji ya kifahari katika uwanja wa kuunganishia ndege, ingawa litakuongezea saa 6 za kusubiri. Njia hiyohiyo niliipita mimi, na ilimeza pointi za usafiri wa ndege nilizokusanya kwa miaka minne pamoja na fedha taslimu za kujazia.

Walionipotosha walikuwa wawili. Wa kwanza ni mtu wa video aliyeizungusha kamera launji nzima, akatuonyesha mabafu, meza za vyakula na vyumba vya kulala, kisha akakipa kiti dakika moja tu, nacho kilikuwa kiti cha ndege ya aina nyingine kabisa, isiyokwenda nilikokuwa naenda. Wa pili ni wakala wa tiketi, na huyu ndiye sijamsamehe hadi leo, kwa sababu nilimwuliza waziwazi kama kiti kinalala, akanijibu kwamba kinalala kabisa, ilhali ramani ya viti ilikuwa kwenye kompyuta iliyo mbele yake na hakuifungua. Mtu anayelipwa ili akutazamie jambo kisha asilitazame amekula jasho lako.

Siku ya safari, ndege ya kwanza ilichelewa, na zile saa nyingi nilizozipangia launji zikawa dakika 25, zilizotosha kuoga na kukimbilia mlangoni. Hilo ningelivumilia. Nilipoingia ndani nikakuta viti vya daraja la biashara vimepangwa 2-3-2, yaani viwili, njia, vitatu, njia, kisha viwili, nami nikawekwa katikati ya vile vitatu, nina mtu kulia na mtu kushoto, na kila nilipotaka kwenda msalani ilinibidi nimwamshe mmoja wao. Kiti chenyewe kilikuwa cha aina ile ya zamani ambayo hunyooka kama ubao lakini ikabaki imeinama, kichwa juu na miguu chini, hivyo usingizi ukikuchukua mwili huteleza polepole mpaka magoti yakunjike, nawe huamka ukajivuta juu, ukalala, ukateleza tena. Saa 13 za namna hiyo! Nilishuka na mgongo uliokaza, nikaenda kwenye shughuli iliyonipeleka huko nikiwa siwezi kuketi vizuri, nikaivuruga.

Kwa hiyo shika jambo hili kabla ya jingine lolote: jina la shirika halikuambii utalala vipi, aina ya ndege na ramani ya viti ndivyo vinavyokuambia. Emirates katika ndege zao za Airbus A380 wana mpangilio wa 1-2-1 na baa nyuma ya ghorofa ya juu, lakini katika Boeing 777 zao walikaa miaka mingi na 2-3-2, na ni mwaka 2024 tu ambapo zile zilizokarabatiwa kuwa 1-2-1 zilianza kuruka. Qatar Airways walizindua kiti kiitwacho Qsuite, chenye mlango wa kufunga, mwaka 2017, lakini A380 zao hazina kiti hicho. British Airways ndio waliotangulia kuweka kitanda kilicholala sawasawa katika daraja la biashara, mwaka 2000, lakini katika mpangilio wao huo wa zamani abiria wengi wa dirishani hulazimika kuiruka miguu ya jirani, tofauti na kiti chao kipya, Club Suite ya mwaka 2019, ambayo ni 1-2-1. Tiketi zote hizo huitwa daraja la biashara, na bei inaweza kufanana.

Ukiona 1-2-1, kila abiria anatoka bila kumgusa mwenzake. Ukiona 2-2-2, wa dirishani kwa kawaida anamruka mtu. Ukiona 2-3-2, funga ukurasa huo. Tazama pia maneno "inaendeshwa na" kwenye tiketi, kwa kuwa shirika lililokuuzia huenda silo litakalokurusha, kisha irudie ramani wiki moja kabla ya safari, kwa maana ndege hubadilishwa. Na ukipata nafasi ya kuchagua, fikiria mstari wa mbele ulio nyuma ya ukuta, kwani katika viti vingi vya kisasa miguu huingia kwenye kishimo chembamba chini ya kiti cha mbele, na mara nyingi ni mstari huo wenye kishimo kipana.

Kuhusu launji ulizoniomba nizilinganishe, nitakuambia hili tu: baadhi ya tiketi za bei nafuu za daraja la biashara, zikiwemo za Emirates tangu 2019 na za Qatar Airways tangu 2020, hazikupi launji hata kidogo, kwa hiyo hata hicho unachokifuata huenda hakimo katika bei uliyoiona.

Umesema bei hiyo inakwisha kesho usiku. Fungua ramani ya viti leo, kisha utuandikie hapa aina ya ndege na namba ya kiti wanachokupa, kabla hujaingiza namba ya kadi.